Barua ya chuo si nauli: Nimemkumbuka Tom Mboya



Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Isha, tulibaki msikitini hapa Mabatini watu kumi na moja. Kilichotubakisha ni karatasi moja. Binti wa jirani yetu, ambaye baba yake anauza vipuri vya baiskeli kando ya Barabara ya Nyerere, amepata barua ya kukubaliwa kusoma chuo kikuu nje ya nchi. Barua yenyewe inapendeza, ina nembo na muhuri, na inamweleza kuwa chuo kimemsamehe nusu ya ada. Wenzangu waliposikia neno kusamehewa wakasema Alhamdulillah, mambo yamekwisha.

Nikawaomba tuisome mpaka mwisho. Nusu ya pili ya ada iko palepale. Nauli ya ndege ni juu yake. Bima ya afya ni juu yake. Kuna malipo ya kushikilia nafasi, yanayotakiwa kabla ya mwisho wa mwezi ujao, na ubalozi hautampa viza mpaka aonyeshe taarifa ya benki yenye fedha za kumtosha kuishi huko mwaka mzima. Baba yake hajawahi kuwa na akaunti yenye fedha za kumtosha kuishi miezi mitatu.

Mzee mmoja ninayemheshimu sana, ambaye ndiye aliyenifundisha Juzuu Amma nikiwa mtoto, akauliza swali. Kwa nini fedha za watu wengi ziende kwa mtu mmoja, tena ugenini, wakati bati za madrasa yetu zinavuja na watoto wanahamisha mikeka kila mvua inaponyesha? Vyuo si vipo hapa nchini? Kwa hakika hiyo si hoja ya kupuuzwa, na mimi sikuwa na jibu usiku ule. Nilirudi nyumbani nikapanda ngazi zetu za mawe nikiwaza, na aliyenijia kichwani hakuwa sheikh wala mwanachuoni. Alikuwa Tom Mboya.

Najua wapo watakaoshangaa. Mboya alikuwa Mkatoliki, Mjaluo wa Kisiwa cha Rusinga, na sina haja ya kumvisha kanzu leo. Lakini Rusinga imo katika ziwa hilihili tunalolitazama kila siku kutoka kwenye majabali yetu. Samaki wanaokula Rusinga ndio tunaokula Mwanza. Na jambo alilolifanya mtu huyu kuhusu wanafunzi wa kwenda nje, wachache Afrika Mashariki wamelifanya kabla yake au baada yake.

Niseme pia kwamba suala hili linanigusa binafsi. Mwaka 1986 mimi mwenyewe nilipata barua kama ya binti huyu. Chuo kilinikubali, kikaniandalia na bweni, lakini nauli nilitakiwa niitafute mwenyewe. Nilizunguka kwa jamaa, nikazunguka ofisini, nikaambiwa nisubiri. Muhula ukaanza bila mimi. Barua ile ninayo mpaka leo, imekuwa ya njano, na wanangu huichukua kama kichekesho cha nyumbani. Sisemi hivi ili nionewe huruma. Nasema ili msomaji aelewe kwa nini maisha ya Mboya mimi nayasoma kuanzia mahali ambapo wengine hupapita haraka.

Mahali penyewe ni mwaka 1947. Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la katani huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, mbali na kwao ziwani. Baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa ameondoka Rusinga kwenda kutafuta kazi, na katika shamba hilo la mzungu akafikia kuwa nyapara. Mtoto alisomea shule za misheni, kwanza Kabaa, kisha Yala huko Nyanza, kisha Mangu. Alikuwa na akili ya darasani, na ulimi wake ulishaanza kujulikana. Lakini nyuma yake walikuwako wadogo zake waliohitaji kusoma, na mshahara wa nyapara haukuweza kuwabeba wote. Mboya akaondoka Mangu bila kufanya mtihani wa cheti cha Cambridge, mtihani ambao ndio uliokuwa ufunguo wa Makerere na wa kila mlango wa elimu ya juu.

Hapo tusimame kidogo. Mtu ambaye baadaye aliwapeleka mamia ya vijana vyuo vikuu, yeye mwenyewe hakuwa na cheti cha kumwingiza chuo kikuu. Hakushindwa mtihani. Alishindwa ada. Wangapi Mabatini, Igoma na Mkuyuni wako hivyo leo, na sisi tunawaita waliofeli?

Alichukua mafunzo ya ukaguzi wa afya, na mwaka 1951 akaajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi. Kazi yake ilikuwa kukagua maduka, maziwa na usafi. Mshahara wake ulikuwa sehemu ndogo tu ya ule wa mzungu aliyefanya kazi ileile. Kuna kisa alichokisimulia mwenyewe, kwamba siku moja alikuwa peke yake ofisini akipima maziwa, akaingia mwanamke wa kizungu na sampuli yake, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama kuna mtu humo ndani. Mboya alikuwa amesimama mbele yake.

Akaingia katika vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1952 ndio mwaka serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, viongozi wa siasa wakafungwa, na sauti pekee ya Mwafrika iliyobaki wazi Nairobi ikawa ya vyama hivyo. Mwaka 1953 akawa Katibu Mkuu wa shirikisho lao akiwa na umri wa miaka 23. Mwaka 1955 wapagazi wa bandari ya Mombasa walipogoma, yeye ndiye aliyesimama kati yao na waajiri, na nyongeza iliyopatikana ilifika kama theluthi ya mshahara. Huku nyuma usiku alikuwa akisoma uchumi kwa njia ya posta, kutoka chuo kimoja cha Afrika Kusini. Bahasha zinakwenda, bahasha zinarudi.

Mwaka huo wa 1955 ndipo mlango wake mwenyewe ulipofunguka. Alipata ufadhili wa kusoma mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin, mjini Oxford. Ruskin ni chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya wafanyakazi, watu wazima ambao hawakubahatika kumaliza shule. Hawakumdai cheti cha Cambridge. Kwa maneno mengine alipata chuo kilichomtazama mtu alivyo, na watu wa kumlipia. Vitu hivyo viwili vilikutana mara moja katika maisha yake, na nadhani hakusahau jinsi ilivyo nadra kukutana.

Alipotoka Oxford mwaka 1956 alipitia Marekani, na huko akafahamiana na mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya ndege, William Scheinman. Baada ya hapo Scheinman alianza kutoa fedha zake kulipia nauli za wanafunzi wachache wachache kutoka Kenya. Mwaka 1957 Mboya akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Desemba 1958, akiwa na miaka 28, akaongoza kama mwenyekiti mkutano wa watu wa Afrika nzima mjini Accra. Jina lake likawa kubwa, na ukubwa huo akautumia kama mtaji.

Sasa tuangalie hali ilivyokuwa, maana bila hivyo msomaji hataona uzito wa jambo. Uhuru ulikuwa unakuja, kila mtu aliuona. Lakini nani atakuwa daktari, mhandisi, mkaguzi wa mahesabu, katibu wa wizara? Kwa eneo lote hili chuo kikuu kilikuwa Makerere, na nafasi zake zilikuwa chache mno. Nairobi kulikuwa na chuo cha ufundi kilichoanza 1956. Sisi Tanganyika hatukuwa na chuo kikuu kabisa. Chuo chetu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, katika jengo la mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Kumi na nne kwa nchi nzima!

Wakati huohuo vijana walikuwa wanaandika barua wenyewe kwa vyuo vya Marekani. Walipata anuani kwa walimu, kwa wamisionari, kwa waliotangulia, wakaandika kwa mkono, na vyuo vikawa vinawajibu. Tumekukubali. Tumekusamehe ada. Njoo. Vijana wakawa na barua mkononi na hawana hata nauli ya kufika Mombasa. Matatizo ya mwaka 1959 ni yaleyale ya binti wa jirani yangu.

Mboya alilielewa jambo hili. Akaona kuwa kinachokosekana si akili wala si vyuo, ni kipande kilichopo katikati, yaani ndege. Aprili 1959 alikwenda Marekani akazunguka kwa wiki kadhaa, akihutubia vyuo, makanisa na kumbi za wafanyakazi. Kila alipofika aliomba nafasi za masomo kwa upande mmoja, na fedha za kukodi ndege kwa upande wa pili. Scheinman na wenzake wakaunda taasisi ya kusimamia kazi hiyo. Barua ya kuomba michango ikatiwa saini na watu watatu ambao kila Mmarekani mweusi aliwajua, yaani Jackie Robinson mchezaji wa besiboli, Harry Belafonte mwimbaji, na Sidney Poitier mwigizaji. Maelfu ya watu wa kawaida wakatuma walichonacho.

Kule Nairobi kazi ya kuchagua nani aende ilifanywa na Mboya, Dk. Julius Kiano na Kariuki Njiiri, wawili hao wakiwa wamesoma Marekani. Nyumbani kwa vijana nako hakukulala. Ng'ombe waliuzwa. Vijiji vilifanya karamu za chai, watu wakanunua kikombe cha chai kwa bei ambayo hakuna chai duniani inayostahili, ili mtoto wa fulani apate nguo za baridi na fedha ya mfukoni. Septemba 1959 ndege moja ya kukodi ikatua New York ikiwa na wanafunzi 81.

Serikali ya kikoloni haikupendezwa. Ilisema vyuo vya Marekani ni hafifu, wanafunzi waliochaguliwa hawana sifa, na wanaotaka elimu wapitie njia rasmi. Ukiisikiliza vizuri hoja hiyo utaona inafanana sana na ya mzee wangu wa msikitini, ingawa nia zao zinatofautiana kama mbingu na ardhi. Vyuo si vipo hapa? Jibu la Mboya lilikuwa la hesabu tu. Nchi inahitaji maelfu, mlango rasmi unapitisha makumi.

Mwaka uliofuata idadi ya waliokubaliwa ilizidi sana, na sasa hawakuwa wa Kenya peke yake. Walikuwamo wa Tanganyika, Uganda, Zanzibar, na nchi tunazoziita leo Zambia, Zimbabwe na Malawi. Ndege moja haikutosha. Taasisi ikaiomba serikali ya Marekani, ikakataliwa. Ndipo tarehe 26 Julai 1960 Mboya akaenda kumwona Seneta John Kennedy nyumbani kwao Hyannis Port, wakati huo Kennedy akiwa ndiyo kwanza ameteuliwa kugombea urais. Mfuko wa familia yake, uliopewa jina la kaka yake aliyekufa vitani, ukatoa dola 100,000. Mpinzani wake Richard Nixon alipopata habari, serikali iliyokuwa imekataa ikabadilika ghafla na kutaka kutoa kiasi hichohicho. Wanafunzi wa Afrika wakawa gumzo la uchaguzi wa Marekani.

Sijidanganyi kuwa Kennedy alitoa kwa ajili ya Allah. Alizihitaji kura za watu weusi. Marekani ilikuwa inashindana na Urusi. Mboya naye alijua kuwa kila kijana aliyepanda ndege ni mtu wake kesho katika siasa. Wapinzani wake walimwita mtu wa Wamarekani, na Oginga Odinga akawa anawapitisha vijana wengine kwenda Moscow na nchi za Mashariki. Wakati huohuo Misri ya Gamal Abdel Nasser ilikuwa imewafungulia vijana wa Zanzibar milango ya Cairo. Kila mlezi alikuwa na yake. Lakini daktari akishatoka chuoni, mgonjwa hamuulizi nauli yake ililipwa na nani.

Kuna upande mwingine ambao sisi Waislamu tunapaswa kuutazama bila hasira na bila kufumba macho. Ili mtu apande ndege ile ilibidi kwanza awe amemaliza sekondari, na sekondari nyingi za wakati huo zilikuwa mikononi mwa misheni. Mboya mwenyewe ni zao la shule hizo. Kwa hiyo mlango aliofungua ulikuwa mpana kwa aliyekwisha kuukaribia, na mwembamba kwa mtoto wa Ujiji, Tanga au Lamu ambaye mzazi wake alichelea kumpeleka shule ya padri. Siyo Mboya aliyeujenga ukuta huo. Nautaja kwa sababu misaada ya masomo, hata iwe ya heri namna gani, huanzia pale shule ya msingi na sekondari zilipoishia. Ndiyo maana hoja ya bati za madrasa siwezi kuitupa.

Mpaka mwaka 1963 mpango huo ulikuwa umewapeleka karibu wanafunzi 800. Wapo walioteseka. Kusamehewa ada si kusamehewa baridi, wala chakula, wala vitabu, na wengi walifua, walisafisha vyombo na kulea watoto wa watu ili wamalize. Mmoja wa waliokwenda mwaka 1960 alikuwa msichana kutoka Nyeri, Wangari Maathai, aliyepelekwa chuo kidogo cha masista huko Kansas, akasoma baiolojia. Mwaka 2004 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Pamela Odede, aliyekuja kuwa mke wa Mboya mwaka 1962, naye alisomea Ohio kwa mpango huo. Watu husema pia kuwa baba yake Barack Obama alipanda ndege ya 1959. Hakupanda. Alikwenda Hawaii mwaka huo kwa msaada wa wanawake wawili wa Kimarekani waliomlipia, ingawa Mboya alimfahamu. Nasahihisha hilo kwa sababu hata kwenye vijiwe vyetu vya kahawa hapa Mwanza limekuwa kama aya.

Miaka yake ya uwaziri nitaipita haraka, maana inajulikana. Waziri wa Kazi, kisha Sheria na Katiba, kisha Mipango ya Uchumi. Alikuwa hodari, alikuwa na maadui, na wengi walimwona kuwa ndiye rais ajaye. Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969 alitoka katika duka la dawa katikati ya Nairobi, akapigwa risasi. Alikuwa na umri wa miaka 38. Aliyehukumiwa kwa kosa hilo alinyongwa mwaka huohuo, na waliomtuma, kama walikuwepo, hawakutajwa mahakamani. Wakamrudisha Rusinga wakamzika ziwani kwao.

Baada ya kuyasoma haya tena nilirudi kwa wenzangu msikitini Ijumaa iliyofuata, nikawaeleza kwa kifupi kuliko hapa. Nikawaambia pia jinsi hali ilivyo leo, kwani wazazi wengi hudanganywa. Wakala mmoja aliyepita mtaani kwetu alichukua fedha za familia mbili akiahidi ufadhili kamili, na simu yake haipatikani tena. Ukweli ni kwamba vyuo vya Marekani vinavyomkubali mgeni bila kuangalia uwezo wake wa kulipa ni vichache mno, vingine huuliza kwanza utalipaje. Serikali ya Uturuki, katika mpango wake wa Türkiye Bursları, inalipa ada, malazi, posho na tiketi, na kuomba ni bure. Chuo cha Kiislamu cha Madina, kilichoanza 1961, kinawapa wanafunzi wake malazi na nauli. Anayekuomba fedha ili akupatie msaada wa bure, muulize vizuri.

Lililomgusa mzee wangu halikuwa Kennedy. Lilikuwa jambo jingine nililolitaja kwa bahati. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ilipoanza kuwasaidia wanafunzi wa Kiislamu wa nchi zisizo wanachama, miaka ya 1980, iliufanya msaada huo uwe mkopo usio na riba kwa mwanafunzi, na anachorejesha kiwasaidie wengine katika jamii aliyotoka. Mzee akauliza, kwa hiyo binti huyu atarudisha? Tukamwita baba yake, akaulizwa, akakubali mbele ya mashahidi kuwa ni qardhi, na binti mwenyewe ataandikishwa. Suala la kama zaka inaweza kuingia humo tumemwachia sheikh, na mpaka apate jibu tunachangisha sadaka tu.

Tumefungua daftari. Mpaka naandika safu hii lina majina 34, wakiwemo mama lishe wanne na dereva mmoja wa daladala asiye Muislamu. Fedha zilizopo zinatosha malipo ya kushikilia nafasi na sehemu ya nauli. Taarifa ya benki bado inatuumiza kichwa. Mzee yule naye amechangia, na chini ya jina lake ameandika kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu, kuwa zamu inayofuata ni ya bati. Tunakutana tena Alhamisi baada ya Isha.

Wabillahi tawfiq.